Mpunga Ukishainama, Mguu Haushuki

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mjukuu wangu aliingia uani akiwa amemshika bata bukini kwa miguu, damu ikimdondoka ndege na furaha ikimdondoka yeye. "Nyanya, leo twala nyama ya bure," akasema. "Bunduki ya serikali, kisu changu mwenyewe. Nimewahi kumchinja kabla hajakata roho." Nilimtazama ndege mara moja tu. Kisha nikamtazama yeye, kuanzia chini. Tope lilikuwa limempanda hadi magotini, na katika tope lile, na katika upindo wa dera lake, zilikuwa zimenata punje za mpunga. Zilikuwa za manjano, zimekomaa, zimebakisha wiki moja tu kuingia kapuni.

Nikamwuliza, "Punje hizi ni za nani?" Akasema hajui. Msichana wa chuo kikuu, asomaye vitabu vinene kama matofali, hajui amekanyaga mpunga wa nani. Nilimwamuru amchukue ndege yule, ampeleke kwa mwenye shamba na amwombe radhi kwa mdomo wake. Alikwenda amenuna, akarudi mikono mitupu akicheka. Mwenye shamba alimpokea vizuri, akamtwaa bata, kisha akamwambia: "Mwambie nyanya yako asijitie joto. Fomu ya kudai fidia ya hasara yajazwa kesho, na sote tumeshakubaliana. Tutaandika ndege."

Hapo ndipo nilipomwambia alete kalamu. Mimi sikusoma, jina langu lenyewe nikiliona ukutani sitalijua. Yeye aliyekanyaga ndiye atakayeandika, na asinilainishie neno hata moja. Nawe unayesoma, keti kitako kama mtu wa nyumbani. Nitakueleza kwa nini mwanamke wa umri wangu amekasirishwa na jambo ambalo mtaa mzima umeliona sherehe.

Bonde lile liko nyuma ya Mtongwe, upande wetu huu wa Likoni. Leo yamebaki majaruba manne tu ya mpunga, juu kabisa, penye chemchemi. Nilipokuwa mtoto, bonde zima lilikuwa mpunga, kutoka chemchemini hadi kwenye mikoko, jaruba chini ya jaruba, kila moja limezungushiwa tuta la udongo ambalo mtu mmoja aliweza kulipita kwa kuweka mguu mbele ya mguu. Asubuhi tope lilinuka kama maziwa yaliyolala. Mpunga ulipochanua, harufu yake iliingia hata katika nguo zilizoanikwa, na vyura walipiga kelele mpaka mtu akasahau kwamba wanapiga. Honi za meli zilitufikia kutoka bandarini, lakini hakuna aliyeinua kichwa. Meli zilikuwa mambo ya watu wengine.

Bonde lilikuwa la wanawake. Wanaume wetu walikuwa na minazi, na kazi za bandarini, na maneno. Sisi tulikuwa na mpunga. Jaruba lilitoka kwa mama likaenda kwa binti, pamoja na mbegu yake, na mbegu ya kila nyumba ilikuwa na jina. Yetu iliitwa Kikarafuu, kwa kuwa wali wake ulinukia bila kutiwa kitu. Nyanya aliupika kwa tui la nazi moja, akaufunika kwa jani la mgomba, na aliyepita njiani alipunguza mwendo. Mama yangu alifariki siku ya kunizaa. Nyanya hakuwa na binti mwingine. Kwa hiyo jaruba lile, lililokuwa katikati ya bonde karibu na maji, lilikuwa langu hata kabla sijajua kutembea, na kila mtu alijua hivyo.

Nikuambie lilivyonigharimu. Mwalimu wa shule alikuja nyumbani, mtu mpole mwenye baiskeli, akamwomba nyanya aniache nisome pamoja na wenzangu. Nyanya alimpa chai na vitumbua, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu: "Mwalimu, huyu ana jaruba. Wapeleke shuleni wasio na jaruba." Mwalimu akacheka, akala kitumbua cha pili, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikulia, kwa sababu niliona kwamba nimepewa kitu kikubwa kuliko shule. Nilikuwa mtoto mwenye ardhi. Weka jambo hili moyoni unaponisikiliza: mimi nilibadilishiwa shule kwa jaruba, na jaruba ndilo pekee nililokuwa nalo duniani.

Kazi yangu ilikuwa kuamia. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanajua kabla ya mwenye shamba, na lazima pawe na mtu wa kuwafukuza tangu alfajiri hadi magharibi. Nyanya alinijengea dungu, jukwaa la miti ya mikoko lenye paa la makuti, juu ya tuta. Kutoka pale zilikwenda kamba pande zote zenye makopo yaliyotiwa mawe, nami nikivuta kamba moja, bonde zima lilitikisika kwa kelele. Nilikuwa na teo la kurushia, la kamba ya usumba wa nazi, na rundo la madongo yaliyokaushwa juani. Nilikuwa na koo. Chakula changu kilikuwa kiporo cha wali na kipande cha papa mkavu, au muhogo wa kuchemsha uliopoa, na maji katika kata. Shomoro niliwajua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani: nani mwoga, nani mwizi, nani arudiye akidhani nimesinzia.

Na palikuwa na sheria moja, ambayo nilifundishwa kabla ya kufundishwa sura fupi za Kurani. *Mpunga ukishainama, mguu haushuki.* Masuke yakishalemewa yakaanza kuinama, hakuna aingiaye jarubani mpaka siku ya kuvuna, awe mwenye shamba, awe mtoto, awe nani. Ukiangusha teo ndani, liache. Mbuzi akiingia, mwite kutoka kwenye tuta. Punje iliyokomaa ikigusa tope imekwisha: kesho inachipua, keshokutwa inaoza. Niliwahi kumwona mwanamke mzima amesimama tutani akiitazama kanga yake, imepeperushwa na upepo ikatua katikati ya mpunga, na akaiacha pale siku tisa.

Sheria hiyo ilikuwa na meno. Baada ya mavuno ilifika siku ya mbegu. Wanawake wote walikutana chemchemini, kila mmoja akaweka juu ya mkeka fungu la masuke atakayopanda mwaka ujao. Mwanamke mkubwa wa bonde alipita akitazama. Asiye na fungu aliulizwa kilichomsibu. Akijibu kuwa ni mafuriko, au jua, au ndege, hayo yalikuwa mambo ya Mungu. Wenzake walimkopesha mbegu na jaruba lake likabaki lake. Lakini ikiwa mpunga umepotea kwa uzembe wa nyumba yake mwenyewe, jaruba lilipewa mwingine, na halikurudi. Hapakuwa na karatasi wala wakili. Palikuwa na mkeka na macho ya watu.

Mwaka ninaousema, masika yalipita kiasi. Maji yalituama chini ya bonde hadi wakati wa kuvuna, na mabata bukini wakaja. Hatukuwa tumewazoea. Walikuja wawili, kisha sita, kisha nikaacha kuhesabu. Ndege wazito wa kahawia, wenye duara jeusi-jekundu machoni kama bibi harusi aliyepakwa wanja na kungwi kipofu. Shomoro hula na kuruka. Bata bukini hutembea. Aliingia jarubani kama mnunuzi, akakata suke, akaonja, akatupa, akalalia kumi kwa tumbo lake. Nilipovuta kamba alinyoosha shingo kunisikiliza vizuri zaidi. Nilipompiga kwa dongo la teo alisogea hatua tatu na kunizomea. Nilirudi nyumbani jioni sina sauti.

Chini ya bonde palikuwa na mzee aliyeficha gobori darini tangu zama za babu yake. Alikuja kwa nyanya kujitolea. "Usiku mmoja tu, dada, nikupunguzie wageni." Nyanya akamjibu: "Bunduki ya kuficha hulia mara mbili, na mara ya pili hulia mahakamani. Nenda kalale." Sheria ilikuwa wazi: ndege wa mwitu ni wa serikali, na wa serikali huuawa na serikali. Mjomba wangu, ambaye alijua kuandika, aliandika barua. Alivuka kivuko kwenda ofisini mara tatu, na mara tatu akarudi akisema ameambiwa inshallah. Mara ya nne akaja na mtu wa idara ya wanyamapori.

Tulimwita Bwana Nyama, kama walivyoitwa wote wa kazi ile. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye viatu vya ngozi ambavyo alivivua bila kuambiwa kabla ya kupanda tuta letu. Siku ya kwanza hakuja na bunduki. Alikuja kupima. Alitembea juu ya tuta akihesabu hatua, akaandika kwamba ndege wamekula ukingo mmoja wa jaruba letu, urefu wa hatua nne. Nikaona hasira ya nyanya ikimpanda: "Mwanangu, wataka wale jaruba lote ndipo uandike?" Naye akasema kwa upole, "Mama, karatasi inataka nilichokiona, si nitakachokiona. Lakini nitarudi." Na alirudi. Sitamsingizia mtu yule. Nimezeeka nikitafuta kosa lake na sijalipata.

Alirudi asubuhi ya Jumamosi, na bunduki ya marisawa, ile itawanyayo risasi ndogo ndogo, begani na barua yenye mhuri mfukoni. Habari zilikuwa zimemtangulia. Bonde lilijaa watu ambao sikuwahi kuwaona siku za kupalilia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amewafungulia watoto mapema. Vijana walikaa juu ya matuta wakitafuna miwa, wanawake wamejitanda buibui wakitaniana.

"Ewe Bwana, bunduki hiyo yaua au yakohoa?" akauliza jirani yetu, mwanamke wa jaruba la pili, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

"Inaua, mama. Kaa nyuma ya huo mti."

"Na hao ndege ukishawaua, wawapeleka wapi? Kwa mkeo?"

"Ni wenu. Mimi nyumbani kuna kuku."

Maneno hayo ndiyo yaliyotumaliza. *Ni wenu.* Usidhani tulikuwa walafi. Ilikuwa ni mwisho wa msimu, wakati ambapo mpunga wa zamani umekwisha na mpya haujaingia, na nyumba nyingi zilikuwa zimepitisha wiki nyingi kwa kisamvu na dagaa. Nyama ya bure ilikuwa imekaa mbele yetu, nyama yenye mafuta, inatembea.

Bwana Nyama alipiga magoti kwenye tuta la juu, akasubiri, akasubiri tena mpaka mabata wakasogea wakawa kundi katikati ya bonde. Bunduki ikalia mara mbili. Ndege waliruka wote kwa mkupuo kama paa lililong'olewa, kisha baadhi yao wakaanza kudondoka. Hawakudondoka majini. Walidondoka mpungani, katika majaruba ya katikati, na letu lilikuwa katikati ya katikati. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wakipigapiga mbawa ndani ya masuke, na tuliona mpunga ukitikisika hapa na pale.

Basi sikiliza kosa letu, kosa ambalo watu wa dini nyingine wasingelifanya. Wao wangengoja ndege afe, kisha wakamwokote siku ya kuvuna au wamwache. Lakini aliyepiga hakuwa Muislamu, na ndege akifa kabla ya kisu ni mzoga, haliwi. Kila mmoja pale tutani aliyajua hayo tangu utotoni. Tulikuwa na nyama halali kwa muda wa pumzi chache tu, na baada ya hapo tungekuwa na nyamafu. Sijui nani alipiga kelele kwanza. Nilisikia tu: "Kisu! Kisu! Kabla hajafa!"

Nami nilikuwa na kisu. Kilikuwa kisu cha kumenyea muhogo, kiko dunguni kando ya kata ya maji. Nilikuwa karibu kuliko wote. Mbele yangu, hatua kumi ndani ya jaruba letu, bata alikuwa akijigeuza kwenye mpunga. Ningeweza kukuambia kwamba nilisukumwa. Sikusukumwa. Ningeweza kukuambia kwamba nilisahau sheria. Sikuisahau, niliisikia kichwani kwa sauti ya nyanya, neno kwa neno, wakati mguu wangu ukiwa tayari umeshuka. Nilidhani mguu mmoja mdogo hautaonekana.

Lakini watu walikuwa wakingoja mguu wa kwanza. Walipoona mwenye jaruba ameingia, mtoto wa nyumba, nani angejizuia? Waliingia wote. Vijana waliingia na miwa yao. Mwalimu wa chuo aliingia na kanzu ameiuma kwa meno, kisu mkono wa kulia, akisoma bismillahi kupitia kwenye pindo. Watoto wa chuo waliingia nyuma yake kama vifaranga. Bwana Nyama alisimama tutani akipunga barua yake yenye mhuri na kupaza sauti: "Tokeni! Mnaharibu! Tokeni kwa mpunga!" Hakuna aliyemsikia. Ndege waliojeruhiwa walikimbia, na watu wakakimbia nyuma yao, na kila ndege aliyekamatwa alikuwa amekimbizwa mzunguko mzima. Mimi nilimshika wangu mbawa. Mwalimu akaja akamchinja vizuri, kwa upande wa kibla. Damu ilikuwa ya moto mikononi. Niliinuka nikiwa nimemwinua juu ili nyanya anione.

Nyanya alikuwa amesimama juu ya tuta. Hakuwa akinitazama mimi wala ndege. Alikuwa anatazama jaruba. Ndipo nami nikageuka. Hapakuwa na suke lililosimama. Mpunga ulikuwa umelazwa pande zote, umesukumwa ndani ya tope, kama kitanda cha mgonjwa aliyegaagaa kutwa nzima.

Nyanya hakunipiga. Ningependa kuwa na kipigo cha kukumbuka. Alivua viatu, akapandisha kanga, akashuka, akaanza kuokota. Tuliokota mpaka giza likaingia, na kesho yake, na keshokutwa. Tuliosha masuke katika beseni, tukaanika kwenye mikeka, tukageuza, tukafunika jua lilipokuwa kali na kufunua lilipopoa. Siku ya nne, nyanya alichukua punje moja akaimenya kwa ukucha. Ndani palikuwa na kijani. Zilikuwa zimeshaanza kuchipua. Zilifaa kuku tu. Mbegu ya Kikarafuu, iliyopita mikono ya wanawake ambao hata majina yao siyajui, iliishia katika matumbo ya kuku wa uani, nami niliwatazama wakiila.

Ilibaki siku ya mbegu. Nilikwenda pamoja naye, naye akaketi mahali pake pa kila mwaka. Wenzake waliokanyagiwa walikuwa wamebakiwa na walau fungu moja; mkeka mbele yake ulikuwa mtupu. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokaa hadi leo.

Hakuna mwanamke pale aliyetaka kumnyang'anya jaruba. Wallahi, hakuna. Nusu yao wana wao walikuwa wameingia mpungani na visu. Kila mmoja alikwisha kumtengenezea njia ya kutokea. Mwanamke mkubwa alimwuliza kama ilivyo desturi, "Dada, mbegu yako iko wapi?" Na kabla hajajibu, jirani yetu yule mwenye ulimi alidakia: "Ndege! Si bonde zima liliona? Bwana Nyama si alikuja kwa ajili ya ndege? Serikali haiendi mahali pasipo na ndege."

Wakaitikia: "Ndege, ndege."

Mwanamke mkubwa akasema, "Basi, tumesikia ni ndege. Ni mambo ya Mungu. Nani wa kumkopesha?"

Nyanya akasema, "Sijajibu."

"Dada, limejibiwa."

"Nimeulizwa mimi." Alizungumza bila kupandisha sauti, mikono yake imelala mapajani. "Ndege walikula ukingo mmoja, hatua nne. Yule mtu wa serikali alipima, nami nilimwona. Hatua nne hazimalizi mbegu. Kilichonimalizia mbegu ni miguu. Na mguu wa kwanza ulitoka nyumbani kwangu."

Jirani akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia kwa sababu nilikuwa nimejibanza nyuma ya nyanya: "Sema ndege, tumalize. Mtoto huyu atakwenda wapi?" Nyanya akautoa mkono ule begani taratibu, kama mtu anayeondoa jani, na akasema tena, neno kwa neno, ili asiwepo wa kudai kwamba hakusikia.

Mwanamke mkubwa alilia alipokuwa akitoa hukumu. Jaruba alipewa jirani yule yule aliyemwombea, kwa kuwa lake lilipakana na letu na alikuwa na mabinti wawili. Aliikataa zawadi ile mara tatu. Mara ya nne akaipokea. Mwaka uliofuata alipanda mbegu yake, na mpunga ukatoka vizuri, nami nilipita njia nyingine nilipokwenda kuchota maji.

Sasa jiulize mimi nilikuwa nini. Sikuwa na jaruba, na umri wa kuanza shule ulikuwa umepita. Mwalimu wa baiskeli alikuwa amehamishwa na wenzangu walikuwa wakisoma kwa sauti. Niliuza vitumbua. Niliolewa. Nilifua nguo za watu wa Nyali kwa miaka ambayo vidole vyangu bado vinaikumbuka. Nililea wanangu na nikahakikisha kila mmoja wao anasoma, wa kike kwanza. Na katika yote hayo, kila mara nilipompa mtu karatasi anisomee, nilimkasirikia mwanamke mmoja ambaye aliweza kusema neno moja, neno ambalo kila mtu alimtilia mdomoni, na hakulisema.

Nilimwuliza. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, naye ameshalala kitandani asikoinuka. Nikamwambia, "Nyanya, siku ile ungesema ndege tu." Akasema, "Siku ile ndege hawakuwa na kosa." Akaomba maji. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba radhi kwa mguu wangu. Wiki iliyofuata tulimzika.

Sina hasira na bunduki. Ndege akila chakula cha watu, apigwe, na apigwe na mwenye ruhusa, mchana, mbele ya watu. Sina hasira hata na mabata. Hasira yangu ni kwa wanaokanyaga wakiwa na kisu halali mkononi, wakidhani uhalali wa nyama umeusafisha mguu. Ni kwa wanaojaza fomu kabla tope halijakauka. Na mjukuu wangu anaandika haya ameinamisha kichwa, nami sitamwambia akiinue.

Wanawake wa chemchemini wamekufa wote. Siku ya mbegu haipo. Mbegu zanunuliwa dukani ndani ya mfuko, na mfuko haumuulizi mtu chochote. Majina ya mpunga wetu hayajui yeyote ila mimi, na nimeshasahau zaidi ya nusu. Watoto wa jirani waliuza majaruba ya katikati na ya chini, na bonde likajazwa kifusi cha matumbawe. Sasa ni uwanja wa kuegeshea malori yanayongoja zamu ya kwenda kuchukua makontena Kipevu. Hakuna vyura. Mvua ikinyesha, maji yanasimama juu ya kifusi yakiwa na rangi ya mafuta, na hakuna ndege atuaye.

Mwaka jana nilikwenda peke yangu na fimbo yangu. Nilipita langoni mlinzi akiwa anazungumza kwenye simu, nikahesabu kutoka kwenye mnazi uliobaki, nikafika mahali nilipopajua. Palikuwa na lori, na chini yake dereva amelala kwenye kipande cha boksi. Mlinzi alinifuata mbio, kijana wa bara, mwenye adabu.

"Shikamoo, bibi. Hapa ni kwa mwenyewe. Unatafuta nani?"

Neno lilifika kwenye ulimi wangu. Lilikuwa fupi, na hakuna aliye hai ambaye angenipinga. Ningemwambia kwamba aliposimama ni pangu, nilirithi kwa mama, na ndege ndio walioniondoa. Angeniamini. Pengine angeniletea kiti.

Nikamwambia, "Marahaba. Si mahali pangu." Nikatafuta tuta la kupita, halikuwepo, nikatoka kwa njia ya malori.